Samaki wa Mama Mkwe

Kwa miaka saba sikuruhusiwa kula mbele ya mwanamke aliyepika samaki watamu kuliko wote niliopata kuonja. Si bwana wa teritwari, mkuu wa wilaya, aliyenikataza, wala si muganga. Nilijiletea mwenyewe, kwa kumposa binti yake.

Nyumba yake ilikuwa Kasongo, kwenye njia inayotoka sokoni kwenda msikitini, upande wa kushoto, kati ya fundi wa kushona na muuza chumvi. Ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa hadi kiunoni tu, kama vile chokaa iliisha na hakuna aliyejali. Paa lilikuwa la majani. Ndani palikuwa na mabenchi mawili, meza moja ya mbao za masanduku, na mikeka mitatu kwa waliopenda kukaa chini. Kibao cha jina hakikuwepo. Watu walisema "kwa Mama", na ukiuliza mama yupi, walijua wewe ni mgeni.

Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa kati. Katika ukuta huo, kimo cha macho ya mtu aliyechuchumaa, palikuwa na tundu lenye ukubwa wa yai la bata. Mama alilitoboa mwenyewe kwa chuma cha kuchochea moto. Alichuchumaa nyuma yake kila mtu alipopelekewa sahani, akamtazama akitia tonge la kwanza kinywani. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Ulimi ya mutu inaweza kunidanganya, karani," alinijibu kutoka kule nyuma. "Macho haiwezi. Macho ndiyo inaniambia kama chumvi iko sawa."

Moshi ulipozidi alilifunga tundu kwa kitambaa cha buluu, kipande cha kikwembe chake cha zamani cha kujifunga. Kitambaa kikiwa mahali pake, tulijua hatutazamwi, na hapo ndipo watu walipolamba vidole.

Mimi nilikuwa karani katika biro, ofisi ya teritwari. Nilikuwa kijana, sijaoa, nimetoka kwa wazazi wakulima mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na nilipanga chumba kimoja kwa mzee mmoja mjane. Kazi yangu ilikuwa kunakili barua za wengine kwa mwandiko mzuri. Saa sita kengele ilipolia, makarani wenzangu wengi walikwenda kwa wake zao. Mimi nilikwenda kwa Mama.

Samaki walitoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Aliwaleta mtu mmoja mrefu mwenye baiskeli, kikapu nyuma kimefunikwa majani mabichi yaliyoloweshwa, na kengele yake alianza kuipiga tangu mbali, kwa sababu breki hakuwa nayo. Siku nyingi walikuwa kambale wenye ndevu, weusi, wanaoteleza. Siku nyingine walikuwa samaki wapana wa magamba, na maji ya Lualaba yakipungua, akaleta na kamba wadogo wa mto, waliofungwa ndani ya jani kama zawadi. Mama hakununua samaki bila kumbonyeza tumbo na kumnusa mdomo. Mtu wa baiskeli alikasirika kila siku.

"Mama, ule samaki alikuwa anaogelea asubuhi hii!"

"Na weye ulikuwa unalala wapi, mpaka yeye anafika hapa amechoka hivi?"

Aliwapitisha kwanza juu ya moshi, kidogo tu, ngozi ikaze. Kisha sufuria: mawese, kitunguu, pilipili nzima isiyopasuliwa, ndimu, na karanga zilizosagwa kwa jiwe. Wengine aliwafunga katika majani ya mgomba pamoja na chumvi na majani fulani machungu aliyochuma mwenyewe kando ya kijito, ambayo hakumwonyesha mtu. Samaki hao walikuja na wali wa Kasongo, au bugali kwa waliosema kwamba wali haushibishi. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa pembeni siku zote, hata usipoiomba. Uma hazikuwepo. Walikuwako makarani waliojifunza kula kwa uma na waliotaka sana tuone kwamba wamejifunza. Walikuja na za kwao mifukoni, na fundi wa kushona aliwauliza kama wamekuja kula au kulima.

Siku kubwa ilikuwa Ijumaa. Sisi Wakatoliki tuliacha nyama siku hiyo, kwa hiyo wote tulielekea kwenye samaki. Waislamu walitoka msikitini wakiwa wameoga, wamevaa kanzu safi, wana njaa, na nyumba ya Mama ndiyo ilikuwa ya kwanza njiani. Basi Ijumaa, kuanzia saa saba, watu walikaa goti kwa goti. Wengine walikula wamesimama mlangoni, sahani mkononi. Nimekula sehemu nyingi tangu siku zile, nyingine zina vitambaa mezani, lakini kelele kama zile sijazisikia tena: habari za Nyangwe, habari za mvua, nani ameoa, nani amefukuzwa shambani kwa kuwa pamba yake haikutosha, na sauti ya Mama ikitoka ukutani kujibu mambo ambayo hakuulizwa.

Fundi wa kushona ndiye aliyekaa karibu nami siku zote. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Nyangwe, mzee kidogo, kofia yake ameishona mwenyewe, vidole vimetobolewa na sindano. Alikula polepole na kusema haraka.

"Karani, leo barua iko mingi ao njaa iko mingi?"

"Zote mbili, fundi."

"Hapana. Iko kitu ya tatu. Weye unaangalia samaki ao unaangalia mwenye kuileta?"

Mwenye kumleta alikuwa binti wa Mama. Alituletea maji ya kunawa, kisha wali, kisha samaki, na hakumwaga hata tone katikati ya magoti yale yote. Alikuwa amesoma kwa masista miaka michache. Kila nilipokuja na wino mkononi, alimimina maji mara mbili bila kusema kitu. Siku moja alisema.

"Wino ya leo ni nyeusi. Ya jana ilikuwa ya buluu."

Hakuna mtu aliyewahi kuangalia mikono yangu namna hiyo. Kufikia mavuno ya mpunga nilikuwa nimemwambia baba yangu mdogo, na yeye akaenda kuuliza habari za ukoo wao. Walikuwa watu wa nchi ya Wamaza, katika Kabambare. Mama alikuja Kasongo na mume wake aliyekuwa fundi wa matofali. Mume akafa, yeye akabaki na sufuria. Kaka yake mkubwa ndiye mkuu wa ukoo, na alibaki kule kule Wamaza.

Siku ya Jumanne baba mdogo alipeleka posa: jembe, kuku wawili, na kitambaa kwa ajili ya Mama. Ikapokelewa. Alirudi akicheka, akaniambia mambo yamekwisha, ningoje tu siku ya kanisa.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa watu wangu, mkwe huanza kumheshimu mama mkwe baada ya ndoa. Mpaka siku ya kanisa ni kijana tu kama vijana wengine. Kwa watu wa Mama, heshima huanza saa ile ile posa inapopokelewa. Baba mdogo hakuuliza, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Nao hawakusema, kwa sababu nani asiyejua?

Ijumaa ile nilifika kama kawaida. Niliona kwamba yule binti hakutoka na maji. Alitoka jirani mmoja, akaniwekea beseni bila kunitazama. Nikafikiri ni haya ya uchumba, nikafurahi. Nikanawa. Nikakata tonge kubwa, nikachovya kwenye mchuzi, nikatia kinywani. Wakati huo huo Mama alitoka jikoni na sufuria ya samaki wa mikekani.

Alisimama. Tuliangaliana, mimi mashavu yamejaa. Kisha akaangusha sufuria, akavuta kikwembe juu ya kichwa chake chote, akageuka akakimbia, akagonga nguzo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mchuzi mwekundu ulitambaa mpaka kwenye mkeka wa wazee.

  Nikameza, kwa sababu sikujua kama ni vibaya zaidi kumeza au kutema.

Fundi ndiye aliyeanza kusema.

"Eee, karani! Unatafuna mbele ya mama mukwe yako?"

"Bado hatujaoa!"

"Kwao umeisha kuoa tangu Jumanne!"

Hapo walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mtu mmoja mlangoni alipaza sauti nje, "Mukuje muone! Mukwe amemufukuza mama mukwe na bugali!" Mzee aliyelowa mchuzi alicheka kuliko wote. Nilitoka kichwa chini, na sahani yangu ilibaki mezani, kambale mzima, hajaguswa mkia.

Jioni ile baba mdogo aliitwa, akaambiwa sheria yote. Tangu sasa nisile mahali Mama anaponiona, wala yeye asile ninapomwona. Tukikutana njiani, mmoja apishe. Na kinywa changu, kwa kuwa nimekifungua vibaya, kitafunguliwa vizuri na mtu mmoja tu, kaka yake Mama, yule wa Wamaza. Atakuja, atachinja mbuzi, ini litachomwa, na Mama atachukua kipande kwa mkono wake, atanitia kinywani mbele ya kaka yake. Siku hiyo katazo litakwisha, na nitakula kwake mpaka nizeeke.

Ikaonekana si kitu kikubwa. Safari moja ya mtu mmoja. Tulifunga ndoa, na mjomba huyo wa mke wangu hakuja, maana ilikuwa mvua na daraja lilikuwa limekwenda na maji. Alituma salamu: atakuja kiangazi.

Nikaanza maisha ambayo sikuwa nimeyafikiria. Kila Ijumaa mke wangu alileta nyumbani bakuli lililofunikwa sahani, kutoka kwa mama yake. Samaki yule yule, majani machungu yale yale. Nilikaa mezani kwangu, kiti changu mwenyewe, nikala. Nilikuwa na mke ninayempenda mbele yangu. Na bado, nakiri, kila tonge lilikuwa pungufu. Mwanzoni nilidhani ni moto, kwamba samaki amepoa njiani. Nikamwambia mke wangu apashe. Baadaye nikadhani ni chumvi. Mke wangu aliweka mkono kiunoni.

"Chumvi haipunguki njiani," alisema. "Sema tu unataka mabenchi."

Ni kweli, nilitaka mabenchi. Nilitaka goti la fundi ubavuni mwangu na lile jicho nyuma ya tundu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kutazamwa unapokula ni sehemu ya chakula.

Njia yangu kutoka biro ilipita pale. Ningeweza kuzunguka, sikuzunguka. Nilipunguza mwendo kwa muuza chumvi, nikajifanya naangalia chumvi. Fundi aliniona kila mara.

"Karani! Iko nafasi hapa, karibu na miye! Bwana mumoja amekufa na pilipili, kiti yake iko wazi!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kisha nilimwona, kupitia mlango, yule jirani akiinuka kwenda ukutani. Tundu lilizibwa kwa kitambaa cha buluu mpaka nimepita. Mama alitimiza sheria hata mimi nikiwa barabarani, sina chakula chochote mkononi.

Mjomba alikuja mwaka wa nne. Sitasahau kwamba ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ya Kwaresima. Alifika na kamio, lori la kubeba pamba, saa nne asubuhi, na kamio hiyo hiyo ingerudi saa tisa. Alikuwa mzee mnene, Mwislamu, miguu imeanza kuvimba, lakini alisema jambo la ukoo halingojei miguu. Mbuzi alinunuliwa sokoni, mjomba akamchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, kisha akaenda msikitini. Alipotoka, niliitwa kutoka biro.

Nilipoingia, nyumba ilikuwa imejaa hadi barabarani. Nilikaa kwenye benchi lile lile. Fundi alinibonyeza ubavu. Harufu ya ini la kuchomwa ilikuja kutoka jikoni, na Mama alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, tayari, kikwembe kipya kichwani. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameosha mikono mara tatu.

"Basi," mjomba alisema. "Mama aingie. Mukwe afungue kinywa."

Nikasema, "Mujomba, leo Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Miye nimetoka kusali."

"Sisi Wakristo hatukule nyama leo."

Mjomba aliwatazama watu, kama anayetaka kujua kama amesikia vizuri.

"Ni kipande sawa kidole, mukwe yangu. Mungu hataiona."

"Katika nyumba hii iko samaki," nilisema. "Mama anipe samaki kwa mukono yake. Ni yeye ameipika. Si ndiyo kazi yake?"

"Samaki!" Alipiga paja. "Samaki inafungua kinywa ya nani? Samaki haina ukoo, inazaliwa na maji! Ni mbuzi tangu babu yangu."

Watu wakagawanyika. Waislamu walisema nile, ni jambo la wazazi. Wakristo wenzangu, wenye samaki midomoni, waliacha kutafuna, wakaniangalia. Afadhali niandike ukweli: sikumwogopa Mungu sana siku ile. Niliwaogopa hao. Jumapili iliyofuata ningesimama mbele yao kanisani kusoma matangazo, na nilijua kila mmoja angeona lile ini mdomoni mwangu.

Nikasema hapana. Niliomba tungoje kesho, na mjomba alisema kesho kamio iko Kabambare.

Kutoka nyuma ya ukuta Mama alisema neno moja tu: "Mumuache. Asigombane na padri yake kwa ajili yangu."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hakutoka. Mjomba alikaa hadi kamio ilipopiga honi, pengine akitumaini nitabadili mawazo, na ini likapoa. Aliondoka akisema atarudi baada ya mavuno. Ini nililokataa alilila fundi, na ni mara moja tu katika maisha yake alikula bila kusema.

Mjomba hakurudi. Miguu yake ilizidi kuvimba. Tulituma ujumbe kwenda Wamaza kila kiangazi, na kila kiangazi jibu lilikuwa baada ya mavuno. Mimi ningekwenda kwake, lakini mbuzi wa Wamaza asingefaa kitu pasipo Mama, na Mama hakuweza kuacha sufuria zake siku nne, au hakutaka. Sikupata kujua ni lipi.

Mwaka wa saba biro ilinihamisha Kindu. Siku ya kuondoka, vitu vyetu vikiwa vimepakiwa, mke wangu alikuja na maagizo ya mama yake. Nipite nyumbani kabla wateja hawajaja. Chakula kiko mezani. Yeye mwenyewe atakwenda kwa muuza chumvi mpaka nimalize, ili nisile mbele yake.

Nilimwona akitoka kwa mlango wa mbele, kikwembe kichwani, akatazama upande mwingine, akaingia kwa muuza chumvi. Nami nikaingia kwake.

Sikuwa nimekaa ndani peke yangu kabla ya siku ile. Mabenchi yalionekana mafupi. Mezani palikuwa na kambale mzima katika mchuzi, wali, na sombe ambayo sikuiomba. Nikanawa. Nikakata tonge. Hapo nikatazama ukutani, na kitambaa cha buluu hakikuwemo tunduni.

Nyuma ya tundu palikuwa na giza la jiko. Nilisimamisha mkono. Jiko lilikuwa na mlango wake wa nyuma, na kutoka kwa muuza chumvi hadi mlango huo ni hatua ishirini kupitia uani. Nilisikiliza. Moto ulilia kidogo, kama moto wowote.

Kisha nikageuza benchi, nikakaa nikielekea lile tundu, nikala. Nilikula polepole, nikala chote, mpaka kichwa cha kambale, mpaka mafuta ya sahani. Nilipomaliza nilisema kwa sauti, "Chumvi iko sawa, mama." Hakuna aliyejibu. Kamio ikapiga honi barabarani, tukapanda.

Mama alifariki baada ya misimu miwili ya mvua, kabla Wabelgiji hawajaondoka, na nyumba ikachukuliwa na muuza vitambaa aliyeziba tundu kwa udongo. Mke wangu anasema mama yake asingevunja sheria ya kaka yake. Eti kitambaa kiliangushwa na panya. Nilimwuliza muuza chumvi, miaka mingi baadaye, nilipopita Kasongo kwa kazi. Anakumbuka vizuri kwamba Mama alikaa kwake asubuhi ile, akanywa maji, akaondoka. Asichokumbuka ni kama aliondoka kabla ya kamio yetu kupiga honi au baada yake.